Msafara wa Rangi za Kucha

Mwanamume akiingia peke yake katika duka la vipodozi, mwenye duka hubaki na maswali mawili tu: katumwa na mkewe, au anamnunulia asiye mkewe? Aliyetumwa huja na kichupa kitupu mkononi au picha kwenye simu, maana anaogopa kukosea. Yule mwingine hununua upesi na hasubiri chenji. Masele fundi baiskeli hakufanana na yeyote kati ya hao. Siku ile ya kwanza alisimama mbele ya kabati langu la kioo mpaka nikadhani ni mkaguzi wa leseni. Akachagua rangi za kucha, moja moja, akiinua kila kichupa kwenye mwanga wa mlangoni: nyeusi, nyeupe, kahawia, kijani, njano. Halafu akaomba na shanga za kiuno za bluu, fungu zima.

"Mtani," nikamwambia, "huyo mwanamke ana vidole vingapi?"

"Siyo mmoja," akajibu akihesabu noti zake. "Wako wengi, na wote ni wanaume."

Akaondoka zake akinicheka, akaniacha na mdomo wazi.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mgogo. Naitwa Tekla, binti wa Mpwapwa, nililetwa Tabora na ndoa, na duka langu liko hapa Kitete, kwenye barabara ya kwenda hospitali. Kibanda cha Masele kinatazamana na mlango wangu. Yeye ni Mnyamwezi wa Ziba. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na babu zetu wakiwasimamisha njiani, Ugogo, kuwadai hongo kabla ya kuwaonyesha maji. Hongo ya wakati huo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya watu. Wao walilipa wakinung'unika, sisi tukapokea tukicheka, na huo ndio utani wetu mpaka leo. Kwa hiyo mtu asinilaumu nikimsema Masele. Haki ya kumsema ninayo kuliko hata mkewe.

Kila asubuhi hunipigia kelele ng'ambo ya barabara, kwa Kigogo changu: "Mbukwenyi, mtani!" Nami humrudishia kwa Kinyamwezi chake: "Mwangaluka, mpagazi!" Siku tusiposalimiana hivyo, wauza maandazi wa pale hudhani mmoja wetu amelazwa.

Mtaani tulimwita Masele Nusu. Jina hakulipata kwa bahati mbaya. Nyumba yake imepigwa lipu mpaka usawa wa madirisha, kutoka hapo kwenda juu ni tofali tupu. Shimo la choo kipya lilichimbwa likafika kiunoni, sasa limeota mipapai. Kibao cha kibandani kwake kinasema FUNDI BAIS, kwa sababu rangi iliisha na yeye akaona watu wameshaelewa. Baiskeli ya mteja ndiyo pekee aliyokuwa akiimaliza, na hiyo ni kwa vile mteja humsimamia kichwani. Mkewe, Kabula, anayeuza asali sokoni, aliwahi kuniambia kwamba tangu waoane, kitu alichomwona Masele akikimaliza bila kusukumwa ni ugali tu.

Huyo Kabula ndiye aliyeingia dukani kwangu wiki chache baada ya zile rangi. Ni mwanamke wa maneno machache. Hakusalimia kwa urefu.

"Dada Tekla, nimekuta shanga mfukoni mwa suruali ya kazi."

"Eeh?"

"Kiunoni kwangu hazijafika."

Nikamwambia ukweli: kuuza niliuza, ila zinapoishia sijui. Yeye akasema anajua zinapoishia, ni kwenye chumba cha uani ambacho Masele amekifunga kufuli tangu masika, na kwamba leo ameiba ufunguo. Nikafunga duka. Sikuwa nimeitwa, lakini Mgogo hangoji kuitwa palipo na jambo.

Tulifungua mlango kwa kishindo ili tumkute mwanamke ameketi kitandani. Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na shelfu ya mbao iliyofika dari, na kwenye shelfu palikuwa na watu. Watu wadogo, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wamechongwa kwa mninga. Wapagazi wenye mizigo kichwani, wengine mabegani. Askari wenye magobore. Wanawake na vyungu vyao. Mikuki ilikuwa vipande vya spoku vilivyonolewa. Pembe za ndovu zilikuwa meno ya kitana cheupe, na hicho kitana nilikitambua, nilimuuzia mimi. Ubao wa chini ulijaa walio uchi, mbao tupu. Ubao wa juu walisimama waliovaa, wakimeremeta kwa rangi zangu za kucha kama watoto wa sikukuu.

Kabula alimshika mpagazi mmoja, akamgeuza, akamnusa.

"Ndiyo hawa?" akauliza.

"Nadhani ndiyo hawa," nikasema.

"Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfukuza."

Masele alitukuta humo humo. Badala ya kukasirika alifurahi kama mtu aliyepata wageni wa kuwaonyesha mtoto. Akatueleza yote kwa pumzi moja. Aliona kwenye simu, watu wa nje huko, watu wazima wenye ndevu, wanapaka rangi majeshi madogo kisha wanayapiganisha mezani kwa kutupa dadu. Akajiuliza, hao wana vita gani ambavyo sisi hatukuwa navyo? Njia yetu hii hapa, tunaikanyaga kila siku tukienda kununua nyanya. Akaenda kwa Fundi Nurdini, mzee wa mtaa wa Ng'ambo anayetengeneza samani, akaomba vipande vya mninga vinavyobaki. Nurdini akampa, akataka kujua vya nini, na alipojua akajiteua kuwa refa.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mezani kuna njia iliyochorwa kwa majivu. Msafara unataka kupita, na upande wa pili kuna watu wanaouzuia. Kila zamu unasogea urefu wa spoku moja, hata ukiwa na haraka namna gani. Dadu ndiyo inayosema nani kaanguka na nani kapita. Na kuna kanuni moja aliyoileta kutoka huko kwenye simu, ambayo Nurdini aliipenda sana: aliye uchi haendi safari. Asiyepakwa rangi hagusi meza.

"Na wanaozuia ni akina nani?" nikauliza, ingawa jibu nilishalijua.

"Wagogo," akasema Masele, akanisogezea boksi la kandambili lililojaa watu wangu, mikuki na ngao. "Nimekuchongea. Utawapaka mwenyewe, sifanyi kazi ya bure kwa wala hongo."

Niliwapaka jioni ile ile, wote, kwa rangi moja ya udongo mwekundu, mara moja tu, nikampa Nurdini awakague. Mimi si mtu wa kuzungusha mambo.

Lakini kitu kilichonipendeza zaidi chumbani mle kilikuwa ukutani. Masele alikuwa amepigilia msumari mmoja karibu na mlango na mwingine karibu na dirisha, katikati kavuta uzi wa nailoni. Msumari wa mlangoni ni Tabora. Msumari wa dirishani ni Bagamoyo. Kati yao kafunga mafundo: Kigwa, Rubuga, Tura, halafu Mgunda Mkali, lile pori kavu, halafu Ugogo, halafu Mpwapwa kwetu, kisha pwani. Kila anapomaliza kumvisha mtu mmoja, anatunga shanga moja. Shanga zinavyojipanga ndivyo msafara unavyokwenda. Hapo ndipo shanga za kiuno zilipoishia.

Kabula aliutazama uzi. Chumba kile alikuwa amekitunza kwa ajili ya wageni wa jubilei yao ya ndoa, miaka ishirini na tano kanisani, na sasa kilikuwa na wapagazi.

"Sikiliza, baba," akasema. "Siku ya jubilei ndugu zangu wa Kigwa watakuja. Siku hiyo, ama watu wako hawa wamefika Bagamoyo wote, wamevaa, ama shelfu hii inakuwa kiota cha kuku. Na hutachonga tena kitu humu ndani. Sitaki nusu nyingine ndani ya nyumba hii."

"Nimekubali," akasema Masele. Alivyolisema neno hilo, nilijua amelikubali kwa moyo wote.

Kuanzia hapo mtaa ulipata habari mpya kila siku. Salamu yetu iliongezeka mkia. "Mbukwenyi, mtani!" "Mwangaluka, mpagazi! Mmefika wapi?" "Tuko Kigwa, tunapika!" Vijana wa bodaboda wakaanza kumuuliza pia. Muuguzi mmoja akitoka zamu hupita kibandani makusudi kusikia kituo. Msafara ulipofika Tura watu walipeana mikono, na wengi wao hawajawahi kufika Tura hata kwa treni. Masele alikuwa akifanya kazi ya baiskeli mpaka alasiri, akinawa grisi kwa sabuni ya unga, kisha anaingia chumbani na brashi aliyoitengeneza kwa manyoya ya mbuzi. Kabula akawa anamwachia chai mlangoni. Hakuingia, ila chai aliacha. Siku waliyoingia Ugogo alinifungia barabara kwa kelele zake, "Mtani, tuko kwenu, fungeni mbuzi!" Nami nikatoka dukani na kanga kiunoni nikamchezea palepale. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu ya maana, na sioni aibu kuisema.

Walifika Mpwapwa. Zilibaki shanga za kiganja kimoja tu. Ndipo Masele akaja dukani, na safari hii hakutaka rangi.

"Nipe asetoni."

Asetoni ni dawa ya kutolea rangi ya kucha, hainunuliwi na mtu anayepaka, inanunuliwa na anayefuta. Nikampa bila kufikiri. Kesho yake akaja tena. Wiki iliyofuata nikamuuliza msafara umefika wapi, akajibu kwa sauti ndogo, "Mgunda Mkali." Nikadhani sikusikia vizuri. Mgunda Mkali ni nyuma.

Aliponijia kwa chupa nyingine nilimwambia imekwisha, nikafunga duka mchana kweupe, nikavuka naye barabara mpaka chumbani. Kwenye beseni palikuwa na askari wawili uchi, wameoshwa. Ubao wa juu ulikuwa na mapengo. Nikatazama ukutani. Shanga ya mwisho ilikuwa imelala kwenye fundo la Tura.

"Mlikuwa Mpwapwa!" nikasema. "Mlikuwa kwetu, mmeona milima yetu. Mmekimbia nini?"

Masele akanionyesha simu. Mtu fulani, mikono tu ndiyo inayoonekana, alikuwa akimpaka askari mdogo mboni ya jicho. Mboni kabisa, na kitone cheupe cha mwanga ndani yake.

"Umeona, mtani? Mtu ana macho. Wangu wote ni vipofu. Nikaona niwaoshe niwatie macho. Nikiwatia macho, sura inakataa. Nikirekebisha sura, nguo inaharibika."

"Jubilei si mwezi ujao?"

Aliketi juu ya ndoo.

"Maisha yangu yote sijamaliza kitu," akasema. "Mnavyoniita najua, na mna haki. Hiki kimoja nataka nikimalize. Na nataka kiwe kizuri, watu wasije wakasema, hee, kamaliza, lakini kamaliza nini."

Roho iliniuma. Nikaona wazi kwamba mtu huyu atawaosha mpaka warudi Tabora, na hata wakirudi Tabora ataanza kuosha mbao. Maneno mazuri ya kumwambia sikuwa nayo. Nilikuwa na utani tu.

Kwenye ubao wa kati alikuwa amesimama mtu mmoja peke yake, mbao tupu, mwenye manyoya kichwani na mkono ulionyooshwa mbele. Huyo ni kirangozi, kiongozi wa njia, anayetangulia msafara wote. Masele alikuwa amemweka ili ampake wa mwisho. Nikamchukua nikamtia kwenye sidiria.

"Umeingia Ugogo," nikasema. "Hapiti mtu bila hongo."

Hapa wasio na watani wanaweza kuniona mwizi. Lakini mtani akikuteka kitu chako huwezi kukasirika wala kwenda polisi. Unakikomboa, au unakiacha. Misibani nimewaona watani wakiingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi hayajakauka. Ndivyo tulivyorithi. Masele alisimama.

"Huyo ndiye kirangozi, mtani. Bila yeye msafara hauendi."

"Ndiyo maana nikamshika yeye."

"Unataka nini?"

"Nitakwambia mkifika pwani. Ila sikia. Ukimwosha mtu mwingine, hata mmoja, huyu namuuza pamoja na lipstiki."

Kusema kweli sikujua nataka nini. Nilisema tu, nikatoka kabla sijacheka.

Kirangozi akakaa kwenye kabati langu la kioo, kati ya poda na hina. Wateja walimuulizia bei. Yule muuguzi alimtaka amfanye kishikio cha funguo. Kila asubuhi Masele alikuwa akimchungulia kutoka ng'ambo kama mzazi aliyempeleka mtoto bweni, na kila asubuhi nikamuuliza wamefika wapi. "Mgunda Mkali," akasema siku moja, akanuna. Siku nyingine: "Ugogo." Halafu, kwa sauti iliyorudi kuwa yake: "Mpwapwa, mtani! Na maji yenu ya chumvi tumekunywa!" Nurdini alipita dukani na fimbo yake, nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitikia marahaba na kuniambia kwamba macho hayapo, lakini watu wote wamevaa na wanakwenda.

Nilijisifu sana moyoni. Ndiyo maana sikuliona kosa langu mpaka siku yenyewe.

Asubuhi ya jubilei nilimpaka Kabula kucha, rangi ya damu ya mzee, akapendeza mpaka nikamwambia leo Masele atamwoa upya. Kichupa alikitia kwenye pochi yake, maana alijua tu kwamba ataingia jikoni kusimamia pilau na kucha zitachubuka. Misa ilikuwa nzuri. Walirudia ahadi zao mbele ya padre, na Masele, kwa jinsi alivyozoea, alitaka kunyamaza kabla ya "mpaka kifo", Kabula akamkanyaga mguu, akamalizia. Kanisa zima lilicheka.

Tulikuwa tunatoka mlangoni, vigelegele vinapigwa, ndugu wa Kigwa wanasalimiana na kila mtu, nilipokumbuka kirangozi. Yuko kabatini. Na yuko uchi. Nilimteka kabla hajapakwa, na mimi mwenyewe, kwa utani wangu wote, nilikuwa nimemzuilia Masele mtu wa mwisho.

Nilikimbia na viatu vya kisigino mpaka dukani na kurudi. Nilipofika nyumbani kwao sebule ilikuwa imejaa. Meza ilikuwa katikati, njia ya majivu imechorwa, Wagogo wangu wekundu wamesimama upande wao. Msafara ulikuwa umepangwa nyuma ya mstari, wote wamevaa, wanameremeta. Uzi Masele alikuwa ameuhamishia ukutani hapo, na ulikuwa umejaa shanga kutoka Tabora hadi mlangoni mwa Bagamoyo. Ilibaki nafasi ya shanga moja. Shelfu nayo ilikuwa imeletwa sebuleni, na kwenye mguu wake alifungwa tetea mweusi, akisubiri kuhamia.

Nurdini, ndani ya kanzu yake nyeupe, alikuwa akikagua. Nikamkabidhi kirangozi. Akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu yuko uchi," akasema.

"Mzee, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemshika."

"Sijauliza kosa la nani. Nimesema yuko uchi. Aliye uchi haendi safari, na msafara usio na kirangozi haujatoka nyumbani."

Watu wote wakamgeukia Kabula. Mimi nikatamani sakafu inimeze na viatu vyangu. Nilimtazama Masele, nikitegemea atanitupia mimi lawama, angekuwa na haki. Hakunitupia. Alikunja mikono nyuma, kwenye suti aliyoazima, akatabasamu tabasamu baya.

"Basi," akasema. "Nusu tena. Nilikaribia lakini."

Kabula alimtazama mumewe. Akatazama uzi, akamtazama tetea. Kisha akafungua pochi yake akatoa kile kichupa.

"Nipe huyo," akamwambia Nurdini.

"Dada, utachafua gauni," akasema dada yake wa Kigwa.

"Nimengoja miaka ishirini na tano," akasema Kabula. "Sitangoja rangi moja."

Alikuwa hajawahi kumpaka mtu yeyote katika maisha yake. Alimshika kirangozi kichwa chini kama anayemnyonyoa kuku, akampaka joho la damu ya mzee, nene, likamwagika mpaka miguuni. Akapaka manyoya. Brashi ikateleza ikafunika uso mzima, pua, mdomo, kila kitu. Tone moja lilimwangukia kidoleni, akajifuta kwenye kitambaa cha meza. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza alimpuliza, akamweka kwenye kiganja cha Masele.

"Kavaa," akasema.

Kwa haki ya Mungu, alikuwa mbaya. Kati ya watu wote wa msafara ule, walio na mikunjo ya nguo na mikanda iliyochorwa kwa unywele mmoja wa mbuzi, kirangozi alikuwa kama mtu aliyeanguka kwenye pipa. Nikaona mkono wa kulia wa Masele unashuka taratibu mfukoni. Najua mfuko wa mwanamume ukiwa na chupa. Kile kichupa cha asetoni hakikutoka kwangu, zangu alishazimaliza na nyingine nilimnyima, alikipata kwingine, na alikuwa nacho siku zote hizo. Akakitoa. Nikaona kidole gumba kinazungusha kifuniko, harufu ikatufikia.

Kabula alikiona. Alisimama tu pale na kidole chake chenye tone.

Masele alimtazama kirangozi. Akakitazama kidole cha mkewe. Sijui alifikiri nini, na sitajifanya najua. Nilichoona ni kwamba kidole gumba kiligeuka, kikazungusha kifuniko upande wa pili, kikakaza. Kisha akamrudishia Nurdini kirangozi, akazunguka meza, akanijia mimi, akanyoosha chupa kwa mikono miwili, kama watu wanavyotoa kitu cha heshima.

"Mtani," akasema, "hongo yako. Tupishe."

Niliipokea. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kumtania, mazuri, ya siku nyingi, nikayaacha yote.

Akaenda ukutani. Akatunga shanga ya mwisho, ikagusa msumari wa Bagamoyo, na wanawake wa Kigwa wakapiga vigelegele mpaka tetea akakata kamba akaingia chini ya meza. Nurdini alikuwa amemshika kirangozi tena, anamkagua, maana refa ni refa.

"Amevaa, sikatai," akasema. "Lakini huyu hana hata macho. Atawaongozaje?"

Masele akamchukua, rangi ikiwa bado mbichi, ikamshika vidoleni. Akamweka mbele ya wote, kichwani mwa njia.

"Njia anaijua," akasema.

Kabula akavuta kiti akaketi kando yake kutazama. Masele akapima urefu wa spoku moja, akausogeza msafara wake. Zamu ikawa yangu. Nilikuwa na dadu mkono mmoja na chupa ya asetoni mkono wa pili, na hongo ikishapokelewa, imepokelewa. Nikaziweka dadu chini, nikaanza kuwatoa Wagogo wangu njiani, mmoja baada ya mwingine.